Munkoyo Si Pombe

Katika kambi ya Kapata, kambi ya wafanyakazi wa shaba mjini Kolwezi, Zaïre, mwaka wa 1984, kulikuwa na watu wa namna mbili: waliokunywa pombe na kusema wanakunywa, na waliokunywa na kusema hawanywi. Wa kwanza walijulikana kwa majina, na watoto waliwaimba njiani. Wa pili walikaa benchi la mbele kanisani.

Kalenga alikuwa wa namna ya kwanza. Alikuwa mashinisti wa treni ya umeme iliyovuta mawe ya shaba kutoka shimoni mpaka kiwandani, kazi ambayo mtu hapewi kwa upendeleo. Na alikunywa lutuku. Kwa asiyeijua, lutuku ni pombe ya mahindi inayochemshwa katika pipa na kukingwa tone kwa tone, kali kiasi kwamba ukiimwaga chini na kuwasha kibiriti, udongo unashika moto. Asubuhi mikono ya Kalenga ilitetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza. Akishakipata ilitulia kama mikono ya mtu mwingine, ndipo akaenda kazini. Waliomcheka zaidi walikuwa ni wale wale waliomuuzia.

Siku moja alipita taa nyekundu. Mabehewa manne yakalala ubavu na mawe yakamwagika kwenye reli. Hakufa mtu. Mkuu wa wafanyakazi alimwita ofisini, akamwambia ana njia mbili. Ya kwanza ni kuondoka siku ile ile, yeye na vyombo vyake, kwa sababu nyumba ya Kapata ilikwenda pamoja na kazi, na asiye na kazi hakuwa na nyumba. Ya pili ni kwenda hospitali kwa daktari mpya, ambaye alikuwa na dawa ya walevi.

Kalenga alichagua ya pili. Kwa kweli aliyechagua ni Ernestine, mke wake, ambaye alikuwa amesimama nje ya dirisha na kusikia yote.

Daktari Tshimanga alikuwa kijana wa Kasai aliyesoma Kinshasa. Alipenda kueleza mambo, na hilo lilikuwa jema kwake. Wenzake wengi walipenda kuandika tu na kuita mgonjwa anayefuata. Aliwakalisha mume na mke mbele yake, akachora kichwa cha mtu kwenye ubao mdogo.

“Ndani ya ubongo,” alisema, “kuna chembe nyingi kuliko batu ya Zaïre yote. Zinaongea. Haziongei na mudomo, zinaongea na dawa zake zenyewe, kidogo kidogo. Kuna dawa ya kusema ‘amka, kimbia’. Kuna ingine ya kusema ‘tulia, pumuzika’. Pombe inasaidia ile ya kutuliza. Tata Kalenga akikunywa, kichwa kinasema, ah, leo nimepumuzika.”

“Njo vile,” alisema Kalenga.

“Lakini ubongo hauna mujinga. Ukiona kila siku unautuliza, unaongeza ile dawa ya kukimbia, ili usilale kabisa. Sasa ukikosa pombe asubuhi, ile ya kutuliza imekwenda na ile ya kukimbia imebaki peke yake. Mikono inatetemeka. Jasho. Ndoto mbaya. Haina ndoki wenye kuroga, haina bankambo ku kaburi wamekasirika. Ni kichwa kinajaribu kujilinda.”

Ernestine aliinamia ubao. “Na ile kiu? Hata akikaa juma zima bila kukunywa, hata mikono imetulia, akipita mulango wa wenye kuuza lutuku anageuka mutoto.”

“Hiyo ni ingine, mama. Kuna mahali ndani kabisa panaandika kila kitu chenye kutamu, ili mutu akitafute tena. Chakula, mwanamuke, watoto. Pombe imeandikwa pale na herufi kubwa. Kufuta hatujui.”

“Dawa ya kufuta hakuna?”

“Wanatafuta. Ulaya, Amerika. Wanapa panya pombe, panya wanalewa, kiisha wanawapa dawa za namna namna kuona kama watakataa. Siku ingine watapata.” Akafungua droo, akatoa kichupa cha vidonge vyeupe. “Hii haigusi kichwa. Inagusa ini. Pombe ikiingia, ini linaivunja mara mbili: kwanza inakuwa sumu, kiisha ile sumu inakuwa kitu kama siki, haina ubaya. Hii kinini inafunga mulango wa pili. Sumu inabaki ndani. Moyo unapiga kama ngoma, kichwa kinapasuka, unatapika mpaka roho inakuja mudomoni. Mutu akikunywa sana anaweza kufa.”

“Ni polisi,” alisema Kalenga.

Daktari alifurahi. “Ni polisi. Na polisi haongee na mwizi kwa nini anaiba.”

Kisha akamtajia vitu vya kukimbia: bia, divai, lutuku, dawa ya kikohozi yenye kilevi, hata manukato ya kujipaka baada ya kunyoa. Alitaja vyote alivyovijua. Kalenga alisikiliza kama askari.

Basi kila asubuhi, kabla ya kupanda treni, alipita zahanati ya kambi na kumeza kidonge mbele ya muuguzi, akafungua mdomo na kuinua ulimi, kama anavyochunguzwa mfungwa. Wanaume waliopanga mstari kwa ajili ya vidonda na malaria walimtazama na kutabasamu. Walimwita Bwana Kinini, maana huku kidonge chochote huitwa kinini. Kuna watu ambao ukianguka wanakucheka, na ukiinuka wanakasirika kwa sababu umewanyima kicheko, na Kapata ilikuwa imejaa watu hao.

Majuma yalipita. Mikono ilitulia bila kikombe. Kalenga alinenepa kidogo mashavuni. Ernestine alinunua kitambaa cha meza, jambo ambalo mke wa mlevi hafanyi, kwa maana kitambaa hutapikiwa. Kiu haikuondoka. Jioni aliketi kwenye kiti nje ya mlango na kushika magoti yake, na mkewe alijua kwamba wakati ule asimsemeshe.

Mkuu wake wa kazi alikuwa Mbayo. Nimweleze huyu vizuri. Mbayo alikuwa kapita wa mashinisti wote, mtu mnene, mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai, ya kijivu iliyopigwa pasi hata siku za juma. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Katika kanisa lao pombe ilikatazwa kabisa, na Mbayo alihubiri juu yake kila alipopewa nafasi, na alipewa mara nyingi kwa sababu ndiye aliyegawa nafasi. Alipenda kusema kwamba tangu azaliwe, tone moja la kilevi halijavuka meno yake. Alisema hivyo kazini, alisema kwenye mikutano ya Chama, alisema kwenye vilio. Mtu angefikiri Mungu alimuumba ili awe na mtu mmoja wa kumwonyesha.

Mama yake Mbayo alikuwa amekufa kijijini upande wa Kabongo, na mwaka ulipotimia ikabidi kuondoa kilio, yaani kufunga maombolezo kwa karamu. Ndugu walialikwa kutoka kaskazini, na mke wake, mama Tshibola, alipika munkoyo.

Munkoyo kila mtu wa huku anaujua. Ni uji wa unga wa mahindi unaopikwa, ukapoa, halafu ukatiwa mizizi iliyopondwa ya mmea wenye jina hilo. Mizizi inaulegeza uji, unakuwa kinywaji chepesi chenye utamu. Siku ya kwanza mtoto anayenyonya anapewa. Siku ya pili unachachuka kidogo, unapendeza zaidi. Siku zinazofuata hakuna mtu anayezungumzia kinachotokea, kwa sababu munkoyo si pombe. Pombe ni ya wapagani. Munkoyo ni chakula, na wazee wa kanisa wanakula chakula.

Mama Tshibola aliutengeneza mapipa mawili kwa ajili ya Alhamisi. Lakini treni ya ndugu kutoka kaskazini iliharibika, ikawaacha Tenke siku tatu bila maelezo, kama ilivyokuwa desturi ya treni miaka ile. Walifika Kolwezi Jumapili baada ya ibada. Mapipa yalikuwa yamesimama uani, jua likiyapiga, yakinong'ona ndani kwa ndani, povu likitoka pembeni mwa kifuniko.

Karamu ikaanza saa nane mchana. Mbayo alisali sala ndefu. Kisha vikombe vikapita.

Sijawahi kuona wacha Mungu wakichangamka namna ile. Shemasi mmoja ambaye kwa kawaida hutembea kama amebeba mayai alicheza ngoma ya kwao akiwa ameshika kofia ya mke wa mchungaji. Wazee wawili waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya uzio walikumbatiana na kulia. Mbayo mwenyewe alivua koti la abakosti, akasimama kitini, akaanza hadithi ya mama yake, akaisahau katikati, akaianza tena.

“Furaha ya Bwana!” alipiga kelele.

“Furaha ya Bwana!” wakaitikia, na vikombe vikajazwa.

Kalenga alikuwa amekuja kwa heshima ya kapita wake. Asingeweza kukosa. Alikuwa ameketi ukutani na Ernestine, mikono magotini. Mama Tshibola akamfikia na jagi.

“Tata Kalenga, kwa nini kikombe chako kikavu? Unakataa chakula ya marehemu?”

“Mama, mi niko na kinini.”

“Kinini ni ya pombe. Hii ni munkoyo! Batoto wanakunywa.” Akageuka. “Baba Mbayo, sikia huyu, anasema munkoyo yangu ni pombe!”

Watu wakacheka. Mbayo akaja mwenyewe, jasho likimtiririka, akamwekea Kalenga mkono begani. “Mutoto yangu,” alisema, “mi sijakunywa pombe tangu nizaliwe, na tazama, ninakunywa.” Akamaliza kikombe mbele yake na kukigeuza chini juu.

Kukataa chakula cha mwisho cha marehemu, nyumbani kwa mkuu wako, mbele ya ndugu zake waliosafiri siku tano! Mtu afanyaye hivyo anatangaza kwamba ana neno na familia ile, labda hata kwamba anajua jinsi marehemu alivyokufa. Kalenga akanyoosha kikombe. Akanywa. Akanyoosha tena.

Haikuchukua muda. Macho yake yaliiva kama pilipili. Mishipa ya shingo ikasimama. Akajaribu kuinuka, akashika ukuta, akasema, “Ernestine, moyo,” kisha akatapika miguuni pa ndugu wa Kabongo na kuanguka kando, akihema kama samaki.

Ernestine alipiga magoti na kumlaza ubavu. Wengine walirudi nyuma. Kwanza walisema ni sumu, lakini sumu ingemtia aibu mwenye nyumba, kwa hiyo neno hilo halikudumu. Ndipo muuguzi wa zahanati, ambaye naye alikuwa pale na kikombe chake, akasema kwa sauti ya mtu anayejua:

“Ni kinini. Kinini inamukamata.”

“Inamukamata juu ya nini?” aliuliza Mbayo.

“Inakamataka mwenye kukunywa pombe.”

Mbayo, mwenye kikombe mkononi, aliyeshikilia mlango ili asianguke, akasema kwa huzuni kubwa: “Basi alikunywa lutuku mbele ya kuja kwangu. Siku ya kilio ya mama yangu.”

Na wote wakaona kwamba ndivyo. Wakatikisa vichwa, wengine wakavitikisa zaidi ya walivyokusudia. Walevi wa munkoyo walimhukumu kwa ulevi mtu aliyekuwa amelala chini yao, na hakuna aliyecheka. Mpaka leo nikikumbuka nashindwa kuamua kama walikuwa wajinga au waongo. Mjinga mmoja ninaweza kumsamehe. Lakini ua mzima wa wajinga, wote wakikosea upande ule ule unaowafaa?

Kalenga alilala hospitali usiku mmoja, akatoka akiwa mzima na mnyonge. Habari zilikuwa zimemtangulia. Siku ya Jumatano aliitwa mbele ya tume: mkuu wa wafanyakazi, Daktari Tshimanga, na Mbayo kama kapita wake, nami pembeni, karani wa kuandika. Kama amekunywa, kazi imekwisha na nyumba imekwisha.

“Utasema nini?” Ernestine alimuuliza asubuhi ile.

“Nitasema sikukunywa lutuku.”

“Batakuamini?”

“Nani aliamini mulevi siku gani?”

Ernestine aligeuka akatazama kona ya jikoni. Nyumbani kwao kulikuwa na jagi la munkoyo. Kama ilivyo desturi, baada ya karamu mama Tshibola aligawa mabaki kwa majirani wote, na hata nyumba ya Kalenga haikurukwa, kwa sababu kuruka nyumba ni tusi kubwa kuliko kuishtaki. Ernestine alilifunika jagi kwa kitambaa, akalitia kikapuni, akamfuata mume wake.

Wake hawakuitwa mbele ya tume. Aliingia tu. Mkuu wa wafanyakazi alimtazama, akatazama saa yake, akaona kumtoa kutachukua muda mrefu kuliko kumwacha.

Daktari aliulizwa kwanza. Alieleza ini, sumu na mlango wa pili. “Kinini haina bongo, haidanganye mutu,” alimaliza. “Kama mutu hakukunywa kilevi, haimufanyi kitu.”

“Umesikia,” alisema Mbayo. “Sitwayen Kalenga, tulikupa nafasi. Mi mwenyewe nilikuombea.”

“Sikukunywa lutuku,” alisema Kalenga. “Nilikunywa paka munkoyo yako tu.”

“Munkoyo si pombe.”

“Dokta,” alisema Ernestine kutoka nyuma, “munkoyo ni pombe ao si pombe?”

Daktari alikuna kidevu. “Kwetu Kasai hatutengenezi. Sijapata kuonja. Nilisikia ni uji.”

“Ni uji!” alisema Mbayo. “Uji ya batoto!”

“Uji ya siku ine,” alisema Ernestine. “Ndani ya pipa, ku jua.”

“Ukitaka kujua kweli,” alisema daktari polepole, “unga wenye kuachwa unachachuka. Ukichachuka, inaweza kuwa na kilevi. Mi ningepaswa kuipima.”

Mbayo aligonga meza. “Kupima! Sasa chakula ya babu zetu inapimwa kama mukojo? Kanisa zima ilikunywa. Mchungaji alikunywa. Bibi yangu alipika. Dokta, unataka kusema bibi yangu ni muuza pombe? Unataka kusema mi, Mbayo, mwenye sijaonja tangu nizaliwe...”

“Hapana, hapana,” alisema daktari haraka, na hapo niliacha kumheshimu. Miaka mingi shuleni, na ubao wote ule wa chembe na dawa zake, na kapita mmoja mwenye tumbo akipaza sauti elimu inakimbilia chini ya meza.

Lakini Ernestine alikuwa ameshaweka jagi juu ya meza ile. Akaondoa kitambaa. Harufu iliamka na kutembea chumbani. Akaomba kichupa cha vidonge. Daktari, bila kufikiri, akakitoa mfukoni.

“Baba Mbayo,” alisema Ernestine, kwa adabu yote, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo kama mwanamke wa Kiluba anavyosalimu mkubwa. “Weye hukunywake pombe. Munkoyo haina pombe. Basi meza hii kinini leo. Kesho tutakuja wote hapa, utakunywa kikombe moja ya munkoyo ya bibi yako mbele ya Dokta. Kama haikukufanya kitu, bwana yangu ni muwongo, mi mwenyewe nitabeba bitu byangu ku kichwa tutoke ku nyumba.”

Akamwaga kidonge kimoja mbele ya Mbayo. Nje treni ilipiga honi. Kidonge kilikuwa juu ya meza, kidogo, cheupe.

Mbayo alikitazama namna mtu anavyotazama nyoka aliyelala: kwa matumaini kwamba amekufa.

“Mi niko na tansyo,” alisema mwishowe. “Damu yangu inapandaka.”

“Munkoyo inapandishaka damu?” aliuliza Ernestine.

“Hapana, ni kinini yenyewe...”

“Dokta alisema haina bongo. Haifanyi kitu kama hakuna kilevi.”

“Mama, usinifundishe.”

“Sikufundishi, baba. Ninakuomba. Ao muzee mwingine wa kanisa ameze. Ao mchungaji. Nitaenda kumuita.”

“Usimwite mchungaji!” alisema Mbayo, na sauti yake ilipanda juu kama ya mvulana.

Mkuu wa wafanyakazi, mtu aliyekuwa na kiu ya kwenda kula, alielewa wakati ule ule kile alichoelewa kila mtu chumbani. Kama angemfukuza Kalenga, mwanamke huyu angetembea Kapata nyumba kwa nyumba na jagi lake na kidonge chake, na kabla ya Jumapili nusu ya makapita na wazee wote wa kanisa wangekuwa walevi. Akasafisha koo.

“Wakati huu wa mvua,” alisema, “kuna malaria sana.”

Ilikuwa mwezi wa saba. Tangu mwezi wa nne tone halikuanguka Kolwezi.

Mbayo alishika neno lile kama mtu anayezama. “Kweli! Alikuwa na moto. Nilimugusa begani, nikasikia moto.”

Wote wawili wakamtazama daktari. Daktari akatazama ubao wake usiokuwepo. “Malaria,” alisema, “inaweza kutapisha, ndiyo.”

Kalenga alifungua mdomo. Ernestine alimkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino.

Ikaandikwa malaria. Kalenga akabaki na kazi, yeye na Ernestine wakabaki na nyumba. Mbayo akamshika mkono mlangoni na kumtakia afya njema. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya ulimi, kwamba ni kiungo kidogo lakini huwasha msitu, na ninaambiwa alihubiri vizuri.

Mume na mke walirudi nyumbani kwa miguu kando ya reli. Ernestine alitembea mbele, kikapu kichwani, akicheka peke yake.

“‘Mi niko na tansyo!’” aliiga. “Uliona macho yake? Kapita mukubwa, mwenye sauti ya simba, anaogopa kitu kidogo kama jino ya mutoto! Na Dokta wako! Malaria! Mwezi wa saba!”

Kalenga hakucheka. Walipofika nyumbani akafunga mlango, jambo ambalo mchana halikuwa la kawaida, akaketi mezani. Ernestine akaweka bukari, ugali wa huku, na matembele mbele yake. Hakugusa.

“Nini tena?” alisema Ernestine. “Tumeshinda.”

“Nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Munkoyo. Kikombe ilipofika ku mudomo, mbele sijameza, nilijua ni pombe. Pua ilijua. Kichwa ilifurahi, Ernestine. Ilifurahi kama mutu mwenye kuona ndugu yake ku gare ya treni. Nilikuwa na nafasi ya kusema, moyo unanisumbua, nipeni maji. Nikakunywa. Kikombe ya pili hakuna mutu alinilazimisha. Nilinyoosha mukono mi mwenyewe. Nilijisemea: wote banasema haina pombe, basi na mi niseme vile, mara moja tu.”

Ernestine alibaki amesimama na kijiko mkononi. Alikuwa ameweka uso wake mbele ya wakubwa watatu. Alikuwa ameapa kubeba vyombo kichwani. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni chote.

“Basi weye na Mbayo muko sawasawa,” alisema. “Yeye alijua, weye ulijua.”

“Hapana,” alisema Kalenga. “Mi nimesema.”

“Umesema kwa nani? Kwa mi, na mulango imefungwa. Kule ulinyamaza.”

“Ulinikanyaga.”

“Na kama singekukanyaga?”

Alifikiri. Nataka kuwa mwadilifu kwake, kama Ernestine alivyonisimulia baadaye: alifikiri kweli, muda mrefu, mpaka bukari likaanza kukauka juu. Sikumbuki mtu mwingine Kapata, mwaka ule, aliyeulizwa swali juu ya nafsi yake na akalifikiria kabla ya kujibu.

“Sijui,” alisema.

Ernestine aliketi. Alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye homa yake haijajulikana itaenda upande gani. Hakumwambia neno zuri. Hakuwa nalo, na hakuwa mwanamke wa kuazima. Akasukuma sahani karibu naye.

“Kula,” alisema. “Kesho saa kumi na mbili tutaenda wote ku zahanati. Kinini utameza mbele yangu, kiisha utamuambia Dokta ile yote umeniambia. Ile ya pua, ile ya mukono.”

“Dokta alisema malaria.”

“Dokta ni muoga. Lakini njo yeye alisema kuna mahali ndani ya kichwa panaandika. Basi aandike na hii.”

Kalenga alimega tonge, akalichovya, akala. “Saa kumi na mbili,” alisema.